Kanda ya Steringi Juu ya Meza

Wajukuu wangu wana mchezo siku hizi. Mmoja anaweka picha kwenye kioo cha simu, simu inajirekodi yenyewe, naye anaropoka maneno juu yake: mwoneni fulani mashuhuri, hapa nilisimama naye, hapa alinishika mkono. Kisha anawatumia watu wa dunia nzima ambao hawakumuuliza. Wanasema ni ufundi mpya. Mimi nanyamaza, nanywa chai yangu. Kazi hiyo niliifanya mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Diani, kwa kamera ya harusi nzito kama kinu, wala sikuifanya kwa kutafuta sifa. Nilikuwa nimekataliwa kuwa shahidi wa ndoa ya binti wa dada yangu. Aliyenikataa alisema mimi ni mwongo.

Ngoja niwaeleze uzito wake, maana nyinyi wa leo mnaweza kudhani shahidi ni mtu wa kukaa mkekani na kula halua. Sisi Wadigo, mjomba si mtu wa kukaribishwa mwisho. Wazee wetu walikuwa wakimrithisha mpwa kabla ya mtoto wa kumzaa. Siku hizi urithi umekwenda kwa watoto, sawa, dini imesema na mimi sina ugomvi na dini, lakini mjomba alibakishiwa heshima yake. Baba wa yule binti alikuwepo, yeye ndiye walii, mwenye kuozesha, mtu mpole asiyejibu mpaka aulizwe mara ya pili. Shahidi wa upande wetu nilikuwa mimi, tangu binti anatambaa. Dada yangu alikuwa ameshanifulia kanzu. Kwa hiyo kunitoa pale haikuwa kuninyima halua. Ilikuwa kuwaambia watu wa Msambweni nzima kwamba masikio yangu hayafai hata kusikia neno "nimekubali" na kusema nimelisikia.

Na kosa langu lilikuwa nini? Nilisema kweli. Mtihani mkubwa huo, msiujaribu.

Wakati ule nilikuwa nikitunza bustani kwenye nyumba za wageni za Diani, zile zenye veranda zinazotazama bahari. Kufagia majani, kumwagilia maua, kufukuza tumbili. Kazi ya tatu ndiyo kubwa. Tumbili wa Diani wamesoma kuliko mimi, na kusema kweli si vigumu, maana shule nilikaa mpaka mwalimu aliponichoka. Wanajua kila nyumba inakunywa chai saa ngapi. Wanamjua mgeni wa juzi, ambaye ameshazoea kurusha kandambili, na wanamjua mgeni wa leo. Wa leo ndiye wao.

Siku moja akaja mtu wa sinema. Simtaji jina, sitaki kesi na wazungu uzeeni. Niseme tu ni yule steringi aliyekuwa akimaliza jeshi zima peke yake, shati hana, jasho limemtiririka kama mtu aliyekaangwa. Hakukuwa na banda la video kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga lisilokuwa na picha yake ukutani. Alikuja kimya kimya, na kofia na miwani ya jua, ili asijulikane. Binadamu kweli hatukumjua. Akajulikana na tumbili.

Alikuwa verandani anakunywa chai, mkate wa siagi na ndizi mbele yake. Tumbili dume akashuka kwenye paa, akakaa kiti cha pili kama mtu aliyealikwa. Akachukua mkate. Yule bwana akanyoosha mkono ili aurudishe. Tumbili akamwonyesha meno. Basi, jamani. Mtu ambaye kwenye sinema nilimwona kwa macho yangu akimng'ata nyoka, alipanda juu ya meza, akakunja magoti mpaka kidevuni, akapiga ukelele ambao hata mke wangu hakuupiga siku panya alipompandia kitandani.

Mimi nilikuwa chini na fagio langu la chelewa. Nikapanda vidato, nikalitikisa, nikasema, "Ssh! Toka, shetani!" Tumbili akaondoka, bila haraka yoyote, na mkate wake. Steringi akashuka kwa kunishika bega. Mkono wake ulikuwa laini na umelowa. Akanishukuru kwa Kiingereza mara nyingi, kisha akaniomba kwa ishara nimsindikize msalani, kwa sababu tumbili alikuwa ameelekea upande huo. Nikamsindikiza. Nikamsubiri nje na fagio langu, kama askari wa rais. Hiyo ndiyo habari yangu na mtu mashuhuri, na haina zaidi.

Mama mmoja wa Kijerumani, mpangaji wa nyumba ya pili, aliona yote. Alikuwa na kamera ya ajabu inayomeza disketi badala ya filamu. Alipiga picha, akaitia disketi kwenye kompyuta yake, akaniita nikaone: steringi juu ya meza, mimi chini yake na fagio hewani na meno yote nje, tumbili ukingoni na mkate. Picha safi, ungeweza kuchagua ndizi uitakayo. Mashine yake ya kuchapa picha ilikuwa imeishiwa wino, na wino hutoka kwao. Akaniambia ngoja. Wazungu wakija kwetu wanajifunza maneno mawili, jambo na ngoja.

Sasa. Siku watu wa upande wa mume walipokuja Msambweni kupanga siku ya ndoa, walikula vizuri, wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakanywa kahawa. Baada ya kahawa mtu hutoa hadithi. Nikatoa hiyo. Watu walicheka mpaka baba wa binti akacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu alipooa. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa Jego, kule karibu na mpaka, aliyeongoza msafara. Nami sikujua, na hakuna aliyenikanyaga mguu kunionya, kwamba mzee huyu ndiye mwenye banda la video la Jego. Nyumba yake yote ilikula kwa kifua cha steringi yule.

"Bwana," akasema, akaweka kikombe chini, "yule mtu alikimbia nini?"

"Tumbili, mzee."

"Tumbili mmoja?"

"Mmoja, mzee. Tena wa makamo."

"Mtu huyu mimi namwonyesha kila wiki. Namjua kuliko unavyomjua wewe. Hawezi."

"Kwenye sinema hawezi, mzee. Lakini ile ilikuwa chai."

Watu wakacheka tena, na kicheko hicho cha pili ndicho kilichoniponza. Mzee akaweka kofia yake sawa. Watu wa kule mwisho wa nchi wana Kiswahili cha adabu. Hata tusi hulipaka mafuta kwanza. "Tumeshukuru kwa chakula," akasema. "Siku tumekubaliana. Ila upande wetu tunaomba, kwa hisani yenu, shahidi wenu awe mtu mwingine. Shahidi wa ndoa ni mtu wa kweli. Sheria si yangu, ni ya kitabu."

Dada yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, akaangusha sinia.

Mnaona mambo. Mtu anayekula kwa kuwaonyesha watu maiti wa Jumatatu wakifufuka Jumatano, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ukweli wa pwani nzima.

Walipoondoka dada yangu akanijia.

"Kaka, nenda kamwombe radhi. Sema ulikuwa unatania."

"Nitasemaje nilitania, na sikutania?"

"Sema tu. Watu husema."

"Nikisema ni uongo, dada, hapo ndipo nitakuwa nimesema uongo. Shahidi gani tena nitakuwa?"

Akafikiri, mkono kiunoni. "Basi wapelekee huyo mzungu wako na meza yake wamwone. Mwanangu haozwi na shahidi wa kuazima."

Steringi alikuwa ameshakwenda zake kuua watu kwingine. Kompyuta ya mama wa Kijerumani ilikuwa kubwa kama kabati, na Jego haikuwa na stima ila jenereta la mzee huyo huyo. Nikalala na jambo hilo, nikaamka nalo, mpaka nikamkumbuka mpiga video tuliyekuwa tumemkodi kwa harusi. Huyu alikuwa mtu wa bara aliyekuwa akikaa Ukunda, masharubu mazito, kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vyake vya kutia. Nikamweleza.

"Hiyo ni rahisi, mzee," akasema. "Mimi nashuti kioo cha kompyuta, wewe unakaa kando unapiga stori. Watu wanaona picha, wanasikia wewe. Hata Nairobi bado hawajafanya hii kitu."

"Nairobi kuna wajomba waliokataliwa ushahidi?"

"Mzee, wacha. Kesho asubuhi."

Nikatuma habari Jego: Ijumaa baada ya swala naja na ushahidi, mzee anitayarishie banda. Mzee akajibu kwamba banda lake liko wazi kwa kila mwenye kanda. Adabu tupu.

Tukakutana kwa mama wa Kijerumani siku ya Alhamisi. Akafunga mapazia ili kioo kionekane vizuri, mpiga video akazima feni kwa sababu ya mvumo wake, tukabaki humo tunaiva kama mihogo. Picha ikawekwa kiooni. Kanda yenyewe ilikuwa na harusi ya watu wengine mwanzoni na nafasi kidogo mwishoni. "Mzee, fanya fupi," akaniambia, jicho limeshazama kwenye kamera. "Kanda imebaki kidogo. Haya, anza."

Nikaanza. Na mtu huanzaje? Mtu wa kwetu haingii nyumba ya watu, hata kama anaingia kwa kanda, akaanza papo hapo na habari za tumbili. Nilikuwa naingia nyumba ya wakwe. Nikapiga bismillahi. Nikawatakia amani wote wanaonisikia, walioketi na waliosimama. Nikamsalimu mzee mwenye nyumba, nikamuuliza mguu wake. Nikamsalimu mke wake mdogo, nikimwita dada yangu kwa kuwa ni mtoto wa Msambweni, ambaye mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Nikamsalimu mke wake mkubwa. Nikawasalimu watoto. Nikatoa pole kwa ajili ya mbuzi wao aliyegongwa na lori la Lunga Lunga. Nikawarehemu marehemu wao niliowajua, na wale nisiowajua nikawarehemu kwa jumla. Mpiga video alikuwa akizungusha kidole hewani. Nikajua nafanya vizuri, nikaongeza majirani.

"Mzee," akanong'ona, "tumbili! Enda kwa tumbili!"

Nikamwashiria kwa mkono asubiri, nilikuwa bado sijamfikia imamu wao.

Nilipommaliza imamu nikakohoa, nikasema, "Sasa, ndugu zangu, picha hii mnayoiona mbele yenu," nikaigeukia. Picha haipo. Kioo kimejaa samaki. Samaki wa njano, wa buluu, wanapita polepole huku wanatoa mapovu. Kumbe kompyuta ya yule mama ikikaa bila kuguswa huchoka, na ikichoka huota samaki. Mama akaruka kuigusa. Akaigusa, na papo hapo stima ikapotea Diani nzima, kompyuta, friji, kila kitu. Mpiga video akatoa jicho kwenye kamera.

"Na kanda nayo imeisha," akasema.

"Imeshika nini?"

"Imeshika salamu."

"Na picha?"

"Picha iko. Si ulikuwa unasalimia juu ya picha?"

Nikaona basi, hasara si kubwa. Habari ya tumbili nitaisema mwenyewe kwa mdomo, wao waangalie picha. Stima hairudi leo, tena stima ya kwetu ikienda hupenda kulala huko iliko. Ijumaa ilikuwa kesho yake, na nimeshaahidi. Hatukuitazama ile kanda, tutaitazama kwa stima gani? Tukaichukua hivyo hivyo.

Banda la mzee wa Jego lilikuwa la makuti na magunia, mabenchi mbele kwa wanaume, mkeka nyuma kwa wanawake, ambao kwa siku hiyo walikaribishwa kwa sababu jambo ni la ndoa. Mke mkubwa alikaa mbele ya wanawake wote, mama mzito mwenye kanga mpya, ndiye aliyeshika mambo yote ya upishi wa harusi ile upande wa mume. Mke mdogo kando yake. Dada yangu nilikuwa nimekuja naye, kajifunika mpaka puani. Steringi alikuwa ukutani, amenikunjia uso. Mzee akawasha jenereta kwa mkono wake mwenyewe, kama jaji anayefungua mahakama.

Kwanza ikaja ile harusi ya watu wengine. Watu wakaitazama yote, hawakukubali ikatwe.

"Pilau gani nyeupe hivyo?" mke mkubwa akasema.

"Ya Ukunda hiyo, Bi mkubwa. Viungo wanauzia wageni."

Kisha ikaja picha yangu. Nikashika roho. Ikaja, ndiyo, lakini na mstari mweusi mnene uliopanda kutoka chini mpaka juu, ukapotea, ukaanza tena chini. Ukipita magotini unaona sikio, ukipita sikioni unaona goti. Uso wa mtu haukutulia hata kidogo.

"Ni mambo ya kioo, mzee," mpiga video akanong'ona. "Kioo na kamera mbio zao haziko sawa."

"Huyu ni nani?" mwenye banda akauliza. "Mimi naona goti."

"Ni goti lake, mzee."

"Goti halina jina, bwana."

Na hapo sauti yangu ikaanza kutoa salamu. Wallahi watu wale walinipendeza. Nilikuwa nimeketi benchi moja nao, lakini walimjibu yule wa ndani ya televisheni. Wa alaykum salaam. Alhamdulillahi, tu wazima. Mguu haujambo, mzee mwenyewe akajibu, kabla hajakumbuka kwamba ana ugomvi na mimi. Kisha sauti yangu ikamsalimu mke mdogo, dada yangu, mtoto wa Msambweni, na kisima kikatajwa.

"Ahsante, kaka!" mke mdogo akajibu kwa furaha yote.

Na baadaye sauti ikasema: na mke mkubwa.

Hakujibu mtu. Jenereta peke yake ndilo lililoendelea. Mimi ndipo nikasikia nilichokisema, mdogo mbele na mkubwa nyuma. Mke mkubwa akasimama. Akajifunga kanga upya, taratibu, kama mtu asiyekuwa na haraka ya kumtia mtu mashakani, akatoka. Wanawake wawili watatu wakamfuata.

Wanaume hawakuliona jambo hilo kuwa kubwa, maana samaki walikuwa wamefika. Jego ni watu wa bahari, na mchana ule walikuwa wamekaa na kiu ya jambo wanalolijua.

"Yule ni chewa."

"Chewa gani wa njano? Wewe umevua wapi?"

"Mwangalieni yule. Anageuka bila kupiga mkia!"

"Ni samaki wa kompyuta," mpiga video akawaambia.

"Wanavuliwa wapi?"

Kanda ikakatika wakiwa bado wanabishana. Mzee mwenye banda akasimama mbele ya televisheni, akaikunjua mikono. "Jamani, tumeona goti, tumeona na samaki. Nadhani ushahidi umekwisha." Banda lote likacheka, na nikamwona dada yangu kainamisha kichwa, na kicheko kile hakikuniuma ila kwa kile kichwa chake. Nikafungua kinywa nisimulie habari yenyewe kwa mdomo. Nani atasikiliza? Mtu akishachekwa hadithi yake huwa imekwisha.

Mke mdogo akaingia mbio, kanga mkononi.

"Mume wangu, njoo nyumbani. Mwenzangu amefunga stoo ya mchele na masufuria, ufunguo kautia kifuani. Anasema harusi apike aliyesalimiwa kwanza. Na mimi wali wa watu wale wote nitauwezea wapi?"

Mzee akaenda. Akarudi baada ya muda amepungua. Akanishika mkono, akanitoa nje nyuma ya jenereta, ambako hakuna anayesikia.

"Shemeji yangu," akaniambia. Ndani ya banda nilikuwa "bwana". "Shemeji yangu, umenimaliza. Miaka yote namwambia mama huyu sijampendelea mwenzake. Umekuja kunisemea kwenye televisheni yangu, kwa jenereta langu, kwa mafuta yangu!"

"Niwie radhi, mzee. Mke mdogo ni mtoto wa kwetu, ndilo jina lililonijia."

"Basi nenda kamwambie hivyo. Yeye anasema nimekutuma. Anasema mpangilio ule nimekufundisha mimi."

"Nitamwambia, mzee. Lakini mimi mtu mwongo. Neno langu lina faida gani kwake?"

Akatazama mchanga. "Mambo haya ni mbalimbali."

"Kitabu ni kimoja, mzee."

Sitawaficha, nilistarehe. Ingekuwepo kahawa ningeomba. Mzee akasema nitafute maneno yangu mwenyewe ila nimwokoe, tutazungumza baadaye. Nikakaza kanzu nikaenda.

Nilimkuta mke mkubwa kwenye baraza ya chumba chake, mlango nusu.

"Hodi."

"Karibu hapo hapo ulipo."

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Leo nimekuwa wa kwanza, hakuna mwingine hapa." Akanitazama chini juu. "Mume wangu kakutuma?"

"Sasa hivi kanituma. Jana kwenye kanda hakunituma."

Nadhani hakutarajia niseme hivyo. Akaketi vizuri. "Mbona ulimtanguliza yule?"

"Kwa sababu yeye namjua tangu anacheza mavumbini, na wewe sikuwa nimesikia hata sauti yako. Ulimi ulikwenda kwa mtu wa kwao. Ni ujinga wangu, Bi mkubwa, hakuna mtu aliyenipangia."

"Apa."

"Wallahi."

Akachungulia uani. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeuliza bei asisikiwe: "Na yule mtu wa mabunduki, alipanda mezani kweli?"

"Alipanda."

"Kwa tumbili mmoja?"

"Mmoja. Akaniomba na kumsindikiza chooni."

Mabega yakaanza kumtikisika. Akajiziba mdomo kwa kanga, machozi yakamtoka. "Nilijua mimi," akasema alipopata pumzi. "Mwanamume wa kuvua shati kila mahali hivyo, lazima ana linalomtisha. Wangu naye anajibandikia picha zake ukutani, na mende akiingia chumbani naitwa mimi." Akajifuta. "Stoo nitaifungua. Lakini aseme kwanza, pale pale mbele ya watu wale wale, kwamba wewe ni mtu wa kweli. Kwa sababu kama wewe ni mwongo, basi na haya ya sasa ni uongo, na mchele utakaa ulipo."

Mama yule shule hakukaa hata muda nilioukaa mimi, lakini nikafurahi si yeye aliyenipinga siku ya kahawa.

Nikarudi na salamu zake, kwa mpangilio alionipa mwenyewe. Mzee akazisikiliza, akamtazama steringi ukutani, kama mtu anayemwomba rafiki msamaha kabla ya kumuuza. Watu walikuwa hawajaondoka, chewa wa njano alikuwa bado hajaamuliwa. Mke mkubwa akaja akasimama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Jamani," mzee akasema. "Bwana huyu, mjomba wa binti yetu." Akaweka kofia yake sawa. "Ni mtu wa kweli."

"Katika yote, mzee?" mke mkubwa akauliza kutoka mlangoni.

"Katika yote."

"Na tumbili?"

Jamani, mzee yule alikunywa kwinini bila maji. "Na tumbili," akasema.

Dada yangu akapiga kigelegele. Si mahali pa kigelegele, lakini mtamzuia nani? Mzee akanipa mkono mbele ya watu, nikaupokea, kwa sababu kesho na keshokutwa sisi ni wakwe, na mwenye kuonewa akishapata haki yake hana ruhusa ya kuila mbele ya mwenziwe. Niliila njiani tukirudi.

Kanda ile mpiga video aliitumia tena baadaye kwa harusi nyingine, na kwa hiyo msiniombe. Msikitini siku ya ndoa nilikaa mahali pangu, kanzu yangu imepigwa pasi mpaka inakata, mzee wa Jego ubavuni kwangu. Baba wa binti, mtu mpole, akaozesha kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuhitaji kuulizwa mara ya pili. Bwana harusi akakubali. Sheikh akatugeukia sisi mashahidi, akatuuliza kama tumesikia.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa na mengi, na nilikuwa na haki nayo. Likatoka moja.

"Nimesikia," nikasema.

Sheikh alinijua. Akasubiri niendelee. Sikuendelea.